Ng'ambo ya Mto Lea: Nani Anahesabiwa Ardhi Chafu Inaposafishwa

Mwaka 1844 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya majengo ya London. Pamoja na masharti ya kuta na njia, sheria hiyo iliwabana watu wa kazi zenye uvundo: wachemsha mifupa na damu, wapika sabuni, wayeyusha mafuta ya wanyama, wachinjaji. Karakana mpya ya kazi hizo ilipaswa kukaa mbali na nyumba za watu na barabara. Lakini sheria ilikuwa na kikomo upande wa mashariki, nacho kilikuwa Mto Lea. Ng'ambo ya mto ulianza mkoa wa Essex, na parokia ya West Ham iliyokuwa huko haikuguswa na masharti ya jiji. Ardhi yake ilikuwa bonde la majimaji, bei yake ndogo, na mifereji ya mto ilifikisha mashua hadi mlangoni mwa kiwanda. Upepo wa London kwa kawaida huvuma kutoka magharibi, kwa hiyo hata moshi wa viwanda vilivyobaki jijini uliishia kwa watu wa ng'ambo. Mwaka 1851 West Ham ilikuwa na wakazi wasiofika 19,000. Mwaka 1901 walikuwa zaidi ya 267,000, wengi wao vibarua wa viwanda vya kemikali, gesi, wino na sabuni, na mafundi wa karakana kubwa ya reli pale Stratford.

Ipo hoja kwamba sheria ya 1844 imepewa uzito kupita kiasi, na kwamba ardhi rahisi, maji na reli vingevileta viwanda Bonde la Lea hata pasipo sheria yoyote. Hoja hiyo ina nguvu. Hata hivyo haiondoi jambo ninalolishikilia hapa: kwamba jiji lilipohesabu afya ya watu wake, lilichora mstari, na waliokuwa nje ya mstari hawakuingia katika hesabu. Nadai kwamba mstari wa namna hiyo ndio kiini cha kazi inayoitwa leo tathmini ya uendelevu wa ardhi iliyochafuliwa. Vipimo vya maabara ni muhimu, mashine ni muhimu, fedha ni muhimu, lakini kabla ya hayo yote mtu huamua hesabu inaanzia wapi na kuishia wapi: ardhi ipi, miaka mingapi, watu gani. Bonde la Lea, ambalo sehemu yake iligeuzwa kati ya 2006 na 2012 kuwa uwanja wa Michezo ya Olimpiki, linaonyesha jambo hilo kwa uwazi ambao ni nadra kuupata mahali pengine.

Kwanza tuone kilichokuwa ardhini. Hackney Wick, ukingoni mwa bonde, kampuni ya Carless ilisafisha mafuta kuanzia miaka ya karibu na 1860, nayo ndiyo inayotajwa kuwa ilianza kuuza mafuta ya magari kwa jina la petroli. Jirani hapo, mwaka 1866, Alexander Parkes alifungua kiwanda cha Parkesine, mojawapo ya plastiki za mwanzo duniani. Mwaka huo huo kipindupindu kiliua zaidi ya watu 5,000 mashariki mwa London. Uchunguzi ulifuata maji ya bomba hadi kwenye mabwawa ya Old Ford, kando ya mto huu, ambako kampuni ya maji ilikuwa imetumia bwawa lisilofunikwa. Wateja walikuwa wametoa ushahidi mapema ambao haukuhitaji darubini: samaki aina ya mkunga walikutwa ndani ya mabomba ya nyumbani. Baada ya hapo viwanda viliongezeka, na bonde lenyewe likainuliwa kwa taka. Majivu, vifusi, takataka za nyumbani na, baada ya Vita Kuu ya Pili, mabaki ya majengo yaliyobomolewa kwa mabomu, vyote vilimwagwa kwenye kinamasi hadi ardhi ikapanda kwa mita kadhaa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya udongo wa hapo haikuchafuliwa tu; ilitengenezwa kwa uchafu. Mwanzoni mwa karne hii palikuwa pia na mlima wa majokofu mabovu uliosifika kwa ukubwa wake. Wapimaji walipochimba walikuta lami, petroli, mafuta mazito, sayanidi, arseniki na madini ya risasi.

Kufikia wakati huo dunia ilikuwa imeshapata mafunzo machungu kuhusu ardhi kama hiyo. Huko Marekani, mjini Niagara Falls, kampuni ya kemikali ya Hooker ilifukia takriban tani 21,000 za taka katika mfereji wa Love Canal kati ya 1942 na 1953, kisha ikaiuzia bodi ya shule ardhi hiyo kwa dola moja. Shule ikajengwa, nyumba zikafuata. Mwaka 1978 Rais Carter alitangaza hali ya dharura, familia zikahamishwa, na mwaka 1980 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya mfuko wa kusafisha maeneo ya aina hiyo. Mwaka 1980 huo huo, katika mji wa Lekkerkerk nchini Uholanzi, nyumba zipatazo 270 zilihamwa baada ya kugundulika kwamba mtaa mzima umejengwa juu ya mapipa ya kemikali. Waholanzi walijibu kwa msimamo mkali: ardhi isafishwe hadi ifae kwa matumizi yoyote yale. Gharama ikawashinda, na baadaye wakalegeza. Uingereza ilichukua njia nyingine. Sheria yake, iliyoanza kutumika England mwaka 2000, huuliza kama ardhi inafaa kwa matumizi yaliyokusudiwa: udongo wa bustani ya mboga una kipimo kimoja, udongo ulio chini ya maegesho ya magari una kingine.

Katika misimamo yote miwili njia iliyozoeleka ilikuwa chimba ukatupe. Udongo mchafu unapakiwa kwenye malori, unapelekwa jaani mbali na mradi, na udongo safi unaletwa kutoka mashambani au machimboni. Mradi unapata cheti chake. Lakini huko ni kumfagilia jirani uchafu wa ua wako: sumu ipo, imebadilisha anwani tu, tena imeongezewa moshi wa malori na shimo jipya kule ulikotoka udongo safi. Wahandisi waaminifu walianza kusema hivyo katika miaka ya 1990 na 2000, na ndipo swali lilipogeuka. Badala ya kuuliza tu kama kiwanja kimekuwa safi, wakauliza kama kazi ya kukisafisha, ukiijumlisha yote, imeleta nafuu kuliko madhara.

London ilipopewa Michezo tarehe 6 Julai 2005, waliopanga kazi walikuwa na eneo la hekta 250 hivi na miaka 7. Ardhi yote ilikuwa mikononi mwao kufikia Julai 2007. Zaidi ya majengo 200 yalibomolewa, na zaidi ya asilimia 90 ya vifusi vikatumika tena. Udongo ndio ulioleta kazi ya kupendeza kuliko zote, na naomba msomaji avumilie nieleze ilivyofanyika. Ndani ya eneo hilo ilisimikwa mitambo 5 ya kuosha udongo, mahali ambapo wafanyakazi wenyewe walipaita hospitali ya udongo. Shehena ilimwagwa kwenye machujio yanayotikisika, mawe na vipande vikubwa vikatolewa, sumaku zikanasa vyuma. Kisha udongo ulipigwa maji kwa nguvu na kusuguliwa. Siri ya kazi ni kwamba sumu nyingi hung'ang'ania chembe ndogo kabisa, zile za tope na mfinyanzi. Mchanga na kokoto vikisuguana majini huachana nazo. Upande mmoja ulitoka mchanga na kokoto vinavyofaa kujazia misingi na vilima vya bustani. Upande wa pili lilitoka tope zito, likakamuliwa maji na kupelekwa kwenye jaa lenye kibali cha taka hatari. Udongo uliolowa mafuta ulitandazwa na kuachiwa vijidudu viyale mafuta yale. Maji ya chini ya ardhi yalivutwa na kutibiwa. Kwa jumla takriban tani milioni 2 za udongo zilisafishwa, na karibu asilimia 80 ya udongo uliochimbwa ulirudi ndani ya eneo lile lile. Vifaa vingi vya ujenzi, zaidi ya nusu kwa uzito, vilifika kwa reli na maji, si kwa barabara.

Haikuwa huruma peke yake iliyoleta matokeo hayo. Tangu Julai 2004 kanuni za Ulaya zilizuia taka hatari kuchanganywa na taka za kawaida, na majaa yanayoruhusiwa kupokea taka hatari nchini Uingereza yakapungua sana. Kodi ya majaa nayo ilikuwa ikipanda. Kutupa kulikuwa kumeanza kuwa ghali, na kuosha kukaanza kuonekana ni busara. Nalitaja jambo hili kwa makusudi, kwa sababu baadhi ya watu husimulia hospitali ya udongo kana kwamba ilitokana na wema wa wahandisi. Wema ulikuwepo, lakini uliwezekana kwa sababu sheria ilikuwa imeshasogeza mstari: jirani aliyekuwa akifagiliwa uchafu aliingizwa katika hesabu, na gharama ya kumfagilia ikamrudia mwenye mradi.

Kuhusu udongo, basi, mpaka ulichorwa kwa upana. Kuhusu watu, ulichorwa kwa ufinyu. Ili ardhi ipatikane, mamlaka ilitumia amri ya kununua kwa lazima. Biashara zaidi ya 200 zilihama pamoja na maelfu ya wafanyakazi wake: magereji, wauzaji wa vyuma, waoka mikate, wachapaji. Clays Lane, makazi ya ushirika ya watu zaidi ya 400, yalibomolewa. Familia za Watravela, wale wanaoishi kwenye misafara, ziliondolewa katika viwanja vyao viwili. Kanisa la Kingsway International Christian Centre, lililoanzishwa na mchungaji Mnigeria Matthew Ashimolowo na lililojaza waumini wengi wenye asili ya Afrika Magharibi kila Jumapili, lilipoteza jengo lake. Na zilikuwepo bustani za Manor Gardens, vipande vya mboga 80 hivi vilivyolimwa tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Wakulima wake walipelekwa Leyton kwenye ardhi ambayo haikuwa ile waliyoirutubisha kwa mikono yao kwa miongo, wakiahidiwa kurudi. Waliorejea bondeni miaka kadhaa baada ya Michezo walikuta eneo dogo zaidi. Tathmini ya udongo wa kiwanja ilizingatia sumu kwa miligramu. Udongo mzuri ambao watu hao walikuwa wameutengeneza kwa kazi ya miaka haukuwa na safu yake katika jedwali.

Mwezi Machi 2010, wakati sehemu kubwa ya usafishaji wa bondeni ilikuwa imekwisha, kikundi cha wataalamu wa Uingereza kiitwacho SuRF-UK kilitoa mwongozo wa kutathmini uendelevu wa kazi hizi, na mwaka 2017 shirika la viwango la kimataifa likatoa kiwango chake, ISO 18504. Mwongozo wa SuRF-UK una makundi 15 ya vigezo, matano ya mazingira, matano ya jamii, matano ya uchumi. Ndani yake afya ya mfanyakazi inakaa pamoja na hewa na maji, na pia umo usawa kati ya watu, ushirikishwaji wa wakazi, na ukweli wa ushahidi wenyewe. Nauheshimu kwa jambo moja hasa: unataka wahusika wakubaliane mwanzoni, kwa maandishi, kuhusu mipaka ya tathmini, yaani eneo, muda na watu. Ukitumia mwongozo huo kuipima kazi ya Bonde la Lea, unaona haraka kwamba alama nzuri za udongo na taka haziwezi kuziba pengo la usawa.

Mhandisi atanipinga. Atasema kuhamishwa kwa watu ni jambo la makazi na fidia, lina ofisi zake, na kulibebesha kazi ya udongo ni kuchanganya mambo. Ningemkubalia kama mradi wenyewe ungekaa kimya kuhusu watu. Lakini London ilipoomba Michezo, hoja yake kubwa ilikuwa kwamba wakazi wa mashariki mwa jiji watafaidika, na usafishaji wa ardhi ulitajwa kati ya faida hizo. Anayeandika faida ya watu upande mmoja wa daftari hawezi kusema hasara yao ni ya daftari jingine. Tena, thamani ya ardhi ilipanda kwa sababu ilisafishwa. Kodi ya nyumba ilipanda kwa sababu hiyo hiyo. Sumu ilipoondoka, na bei nafuu iliyowahifadhi mafundi na wapangaji masikini iliondoka nayo. Hayo ni matokeo ya usafishaji kama vile mchanga uliooshwa ulivyo matokeo yake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: bila Michezo, ardhi ile ingebaki na lami yake labda kwa miaka 50 mingine, na watoto wa Stratford wasingepata bustani, mito iliyosafishwa wala nyumba. Hili nalikubali. Kijiji cha wanamichezo kimekuwa mtaa wa nyumba 2,818, na karibu nusu yake ni za bei nafuu. Lakini neno hilo la bei nafuu linabeba aina nyingi za kodi na umiliki. Nyumba za kodi ya kijamii, zile ambazo familia ya kipato cha chini inaweza kuzitegemea kwa hakika, ni 675. Mradi unaweza kuwa bora kuliko kutofanya lolote na bado ukawa umewaacha nje watu waliokuwa na haki ya kuwa ndani. Kulinganisha na hali ya kutofanya lolote ni rahisi mno kwa mradi wowote ulio na fedha. Ulinganisho wa haki ni ule wa mipango miwili inayowezekana, mmojawapo ukiwa umeandaliwa pamoja na wakazi.

Wengine huogopa kwamba tukihesabu kila kitu hatutajenga kitu. Mwongozo wenyewe unajibu hofu hii, kwa kuwa unaanzia kwenye mazungumzo na ulinganisho wa maneno, na kupanda kwenye hesabu za fedha pale tu ambapo mazungumzo hayakutosha. Kazi ya kwanza ni kukaa kikao, na kikao hakihitaji bajeti ya Olimpiki.

Upande wa muda una jambo ambalo watu wengi wanaotembea leo katika bustani ya Malkia Elizabeth, jina la uwanja ule baada ya Michezo, hawalijui. Udongo wa chini haukufanywa safi kabisa. Juu yake iliwekwa alama ya kitambaa cha rangi kali, na juu ya kitambaa tabaka la udongo safi la sentimita 60 hivi, ili mzizi, mtoto au jembe lisifikie kilicho chini. Ni uamuzi wa busara; kuchimba hadi mwisho kungeteketeza dizeli na fedha kwa faida ndogo. Lakini una sharti moja: lazima daima awepo mtu anayejua kitambaa kiko wapi na kwa nini. Shirika lililosimamia eneo hilo baada ya Michezo lilirudisha mamlaka ya mipango miji kwa halmashauri nne za Newham, Tower Hamlets, Hackney na Waltham Forest tarehe 1 Desemba 2024. Kumbukumbu za udongo zinahitaji kudumu kuliko mashirika, na Love Canal ilifundisha gharama ya mwenye ardhi anayeuza na kuondoka.

Kwetu pwani ya Kenya mambo haya si ya mbali. Owino Uhuru, makazi ya watu wapatao 3,000 upande wa bara wa Mombasa, yalitenganishwa kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka kwenye betri kuukuu. Kiwanda kilianza kazi mwaka 2007 kikiwa chini ya utaratibu wa ukanda wa mauzo ya nje, mstari mwingine wa kisheria uliochorwa kwa ajili ya kodi huku sumu ikivuka ukuta kwa moshi na maji. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi hapo na ambaye mwanawe aliugua kwa risasi, aliongoza madai ya wakazi. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3, na udongo usafishwe ndani ya miezi 4, la sivyo zilipwe milioni 700 za kuusafisha. Mahakama ya Rufaa iliutengua uamuzi wa fidia mwaka 2023. Mahakama ya Upeo ikaurejesha Desemba 2024.

Husemwa kwamba nchi zetu hazina fedha za mitambo ya kuosha udongo. Ni kweli, na hazilazimiki kuwa nayo. Huko Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, ambako mwaka 2010 risasi itokanayo na usagaji wa mawe ya dhahabu iliua mamia ya watoto, wanakijiji waliopewa mafunzo walikwangua tabaka la juu la nyua zao, wakalizika katika mashimo yaliyoandaliwa na kutandaza udongo safi. Kinachotukwamisha mara nyingi ni ule mstari. Jaa la Kibarani, kando ya barabara ya kuingilia kisiwa cha Mombasa, lilifungwa na kupandwa nyasi na miti, na kila mgeni anaona mabadiliko. Magari ya taka yalielekezwa Mwakirunge, Kisauni, ambako wageni hawapiti. Tathmini inayoishia kwenye ua wa Kibarani itatoa alama za juu; inayofika Mwakirunge itatoa nyingine.

Kwa hiyo mpango wowote wa kusafisha Owino Uhuru unapaswa kueleza, kabla tingatinga halijafika, udongo wenye risasi utazikwa wapi na nani anaishi jirani na hapo. Nani atapima damu ya watoto kwa miaka itakayofuata. Ramani ya kilichobaki chini itatunzwa na ofisi gani. Na kama mpangaji asiye na hati atabaki na chumba chake ardhi ikishapanda bei. Maswali hayo manne yanaweza kuandikwa kwenye karatasi moja na kusomwa kwa Kiswahili mbele ya wakazi.